Ukungu wa Kona ya Kushoto

Kaka yangu alipoteza macho akitafuta ubovu kwenye kompyuta. Watu wakinipa pole huwa nasema ni presha ya macho, ugonjwa wa kimyakimya, ndiyo mipango ya Mungu. Nasema hivyo kwa sababu nusu nyingine ya habari inanihusu mimi, na nikifika hapo ulimi unakuwa mzito.

Tulifanya kazi jengo moja, maktaba. Mimi dirisha la kuazimisha vitabu, yeye chumba cha kompyuta ghorofa ya kwanza: mashine kumi na nane za mtumba, zote zikitumia mfumo huria, ule wa bure ambao watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia huutengeneza na kuurekebisha. Mwaka mmoja, baada ya kusasisha mfumo, herufi zote ziligeuka visanduku vitupu. Wasomaji wakadhani ni virusi. Kaka akakaa nayo siku mbili, akagundua kuwa ni fonti moja tu iliyofutika, akairudisha. Tangu hapo tukamwita Mzee Visanduku, naye akavimba kichwa kidogo, maana kwa kutafuta kosa hakuna aliyemfikia. Alikuwa na utaratibu wake: badilisha kitu kimoja, angalia, kisha kingine. Ukibadilisha viwili kwa mpigo alikufokea kama umemwibia.

Kisha ukaja ukungu. Juu kushoto mwa kioo, alisema, herufi zinafifia kana kwamba zimepanguswa kwa kitambaa kibichi. Alianza na fonti: akabadilisha aina, akaongeza ukubwa. Ukungu ukabaki. Akachomoa kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, akaweka nyingine. Ukabaki. Akahamia mashine ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na nane. Kote ukungu, kona ileile. Mwingine angeshtuka. Yeye alipiga makofi kwa furaha: kama mashine zote zinaumwa ugonjwa mmoja, basi kosa liko kwenye toleo jipya la mfumo, kwenye ile programu inayoiongoza kadi. Hesabu yake ilikuwa sawa. Alisahau tu kwamba kitu kingine kilichohama kutoka mashine moja hadi nyingine ni yeye mwenyewe.

Akawaandikia wale wa kujitolea. Wakamwomba apige picha ya skrini awatumie. Akatuma. Wakajibu kwamba picha ni safi, hawaoni tatizo. Akaguna: picha hiyo huchukuliwa kabla kadi haijapeleka kitu kwenye kioo, kwa hiyo kosa liko mbele zaidi. Ndipo mmoja wao, ambaye hata sura yake siijui, akauliza swali la mtu mwenye akili timamu. Je, kuna mtu mwingine hapo anayeuona huo ukungu?

Saa nne asubuhi nilikuwa na foleni ya wanafunzi aliposhuka kuniita. Msimamizi wetu alikuwa ameshamwambia haoni kitu, akaambulia kuambiwa hana jicho la kazi. Nikapanda ngazi mbio ili nirudi haraka.

"Angalia hapa, mdogo wangu. Kona hii. Unauona?"

Nikakodoa macho. Herufi zilikuwa nyeusi, zimenyooka, safi kabisa. Lakini huyu ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia amekosea, na mimi kitinda mimba sikuwa nimezaliwa kuanzisha desturi hiyo. Isitoshe, foleni ilikuwa inaningoja.

"Eeh, kaka, nauona. Kwa mbali."

"Si nilisema!" Akanipiga begani. "Haya, nenda kaendelee na kazi."

Kwa mbali. Hata uongo wangu niliupunguza makali, nikajiona nina busara.

Akawajibu: ndiyo, mdogo wangu naye anauona. Wale watu waliamini, masikini, wakaanza kuchimba. Miezi saba. Walimtumia marekebisho haya na yale, akayajaribu moja baada ya jingine, kila siku akisogeza kiti karibu zaidi na kioo. Na mimi nikaanza kuona mambo. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango. Alikanyaga hewa kwenye ngazi anazozijua miaka kumi na tano. Nilimwambia, "Kaka, pumzika kidogo basi." Zaidi ya hapo sikuthubutu. Wifi yangu ndiye aliyemburuta hospitali, siku waliyopishana barabarani, akamsalimia, na mumewe akapita kana kwamba hakuna mtu.

"La kushoto limekwisha," daktari alituambia sote watatu. "La kulia limebaki tundu dogo katikati. Dawa inazuia, hairudishi. Mngekuja mapema mwaka huu tungeokoa mengi."

Nilihesabu miezi kwenye vidole, mikono nimeificha chini ya kanga.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake mchana. Alikuwa sebuleni, redio imezimwa, uso ameuelekeza dirishani. Hakunisalimia.

"Siku ile ulipopanda juu," alisema. "Uliuona kweli?"

Ningeweza kudanganya tena. Ilikuwa rahisi kuliko mara ya kwanza.

"Hapana, kaka."

"Hata kwa mbali?"

"Hata kwa mbali. Herufi zilikuwa safi."

Nikasubiri anifokee. Hadi leo natamani angenifokea.

"Ungesema tu," akasema. "Ningebisha, ndiyo. Ningekufukuza mle chumbani. Lakini wewe ningekuamini, na kesho yake ningekwenda hospitali."

Kisha akaniambia nifungue kompyuta niwaandikie wale watu, nisiwaache wakihangaika bure: mfumo wao ni mzima, na mdogo wake aliyesema naye anauona ukungu alidanganya. Nikaandika. Akaniambia nimsomee kwa sauti kabla ya kutuma.