Mapigo Thelathini na Nane

Nicolasa Terceros alifundisha sayansi katika shule yetu ya bonde la Mizque, nami nilifundisha hesabu chumba cha pili. Kila mwaka alitundika shuka aliyoichora mwenyewe: mapafu ya bluu, ini la kahawia, na utumbo wa kamba halisi ya mita saba. Aliwaambia watoto kwamba hakuna kiungo kinachojitegemea. Tumbo linasaga chakula, damu inakibeba, mapafu yanaitia damu hewa, figo zinaichuja, na moyo unasukuma yote hayo. Moyo ukisita, vingine vyote vinakaa njaa.

Ya kwao hakuwahi kuyasimulia darasani. Baba yake alianguka shambani akiwa na miaka arobaini na minne, jembe mkononi. Kaka yake Severo utumbo ulilegea, akakaa siku kumi na nane bila kwenda choo mpaka madaktari wakamkata kipande. Chanzo tulikijua sote: vinchuca, mdudu wa kwenye nyufa za kuta za udongo, anayenyonya damu usoni mwa aliyelala na kumwachia kinyesi chenye vijidudu. Vijidudu hivyo hukaa mwilini hata miaka ishirini kimya kabisa. Nicolasa alikulia katika nyumba ya namna hiyo. Wapimaji wa damu walipopita kijijini, kila mara alikuwa na udhuru.

Mwezi Agosti alifika kwenye somo la mapigo ya moyo. Watoto walijishika mkono, wakahesabu kwa dakika moja wakiitazama saa ya ukutani. Naye mwalimu akahesabu yake. Themanini na mbili, akasema mmoja. Tisini, akasema mwingine. Wakamuuliza mwalimu. Akawajibu sabini. Yessenia, binti wa fundi cherehani, hakuridhika. Akaenda mbele, akamshika mwalimu mkono na kuanza upya, midomo ikichezacheza.

"Mwalimu, umekosea," alisema. "Ni thelathini na nane. Tena kuna mahali panaruka."

Nicolasa akamwambia akae, hesabu zake mbovu. Darasa likacheka. Nilimkuta baadaye ameshika meza kwa mikono miwili, uso umempauka.

Kwa wiki tatu aliificha hali yake. Alianza kupanda ngazi kwa kupumzika, akisingizia goti. Miguu ilimvimba. Mote, mahindi ya kuchemsha aliyoyapenda, aliyaacha sahanini. Ikawa nikizungumza naye namwona vidole viko shingoni, anasikiliza ndani. Kujua kwake kulimtesa: kila dalili aliijua inatoka kiungo gani na inaelekea wapi.

Siku ya mkutano wa wazazi alizimia uani. Alipofumbua macho alinishika nguo.

"Eulalia, usiwaambie wanangu. Ni ile ya baba."

"Nitawaambia leo hii," nikamjibu. "Ukitaka kununa, nuna ukiwa hai."

Tulimpeleka hospitali mjini Cochabamba, saa tano za barabara mbovu, nikiogopa kila aliposinzia. Daktari alieleza kwamba moyo una njia zake za umeme, ndizo zinazouamrisha upige, na vijidudu vilikuwa vimeziharibu. Angewekewa kifaa cha betri chini ya ngozi ya kifua cha kuusukuma kila unaposita. Akachukua kalamu ili achore. Nicolasa, aliyechora moyo kwa miaka kumi na tisa, akafunika karatasi kwa kiganja. Aliomba asielezwe zaidi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya miezi miwili alirudi kazini, akitembea kwa tahadhari kama aliyebeba mayai. Nilidhani hofu imekwisha.

Lakini daktari alikuwa ametaka watoto wake wapimwe, maana mama huweza kumwambukiza mtoto tumboni. Rufino, mkubwa, alikuwa salama. Maribel, wa miaka kumi na minne, anayecheza mpira kuliko wavulana, damu yake ilikuwa na vijidudu.

Alipewa vidonge vya siku sitini. Vilimtoa vipele, akataka kuviacha. Nicolasa hakumgombeza. Alikaa naye mezani kila asubuhi, akamwambia afungue mdomo, akatazama chini ya ulimi. Maribel akimwambia, "Mama, nimemeza, basi," yeye bado anatazama.

Siku sitini zilitimia. Daktari alisema vidonge huenda vimefanya kazi, ila damu huchukua miaka kuonyesha. Kipimo kijacho ni mwakani. Nicolasa ameniomba niende nao, kwa sababu karatasi ya majibu hataweza kuifungua mwenyewe.