Kesi ya Firigisi

Barua ya naibu wa mwalimu mkuu ilikuwa na mistari minne tu, na mstari wa tatu ulisema kwamba ninaharibu wenzangu. Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye matope ya mtaa wetu wa Munyaka, Eldoret, bahasha nimeifungua kwa ustadi wa mtu ambaye hiyo si barua yake ya kwanza. Badala ya kuogopa, nilijisikia kama nimevishwa nishani. Shtaka hilo nilikuwa nalijua. Kuna mzee mmoja wa Athene, huko Ugiriki ya kale, alishtakiwa vivyo hivyo, karne nyingi kabla shule yetu haijachimba hata choo.

Mzee huyo tulikutana naye kwenye somo la historia, kidato cha tatu. Mwalimu alimpa dakika tano kwa sababu hatokei sana kwenye mtihani. Alikuwa na pua bapa, tukaambiwa, akitembea miguu mitupu, hana kazi inayoeleweka, anazunguka sokoni akiuliza watu maswali. Anamwendea jemadari: ushujaa ni nini? Anamwendea mtu wa dini: uchaji ni nini? Mtu anajibu haraka, kwani nani hajui ushujaa. Mzee anasema sawa, lakini nisaidie kidogo hapa. Anauliza lingine, na lingine tena, mpaka jemadari anakuta jibu lake la mwisho linapigana ngumi na lile la kwanza. Mwishowe wakamchoka, wakamhukumu kunywa sumu.

Mwalimu akafunga kitabu. Mimi nikabaki mdomo wazi. Kumbe miaka yote nimekuwa nikiadhibiwa kwa kazi yenye jina, tena jina zuri: falsafa.

Nikaanza kazi rasmi. Nilimuuliza kiranja wa darasa kama heshima ni kunyamaza. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kama basi jiwe ndilo lenye heshima kutushinda wote. Nilimuuliza kijana mmoja anayejivunia kwamba kwao ni Kaptagat, nyumbani kwa wanariadha, kukimbia kuko kwa miguu ama kwa damu. Akasema kwa damu. Nikamuuliza mbona basi damu yake huchelewa shule kila asubuhi. Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Sitadanganya: nilikuwa nauliza kwa ajili ya kicheko hicho. Jibu lenyewe sikulihitaji.

Kilichoniponza ni kalamu. Kila mwaka kabla ya mtihani wa mwisho huwa tuna siku ya maombi. Wazazi wanakuja, kalamu za watahiniwa zinakusanywa kwenye beseni, zinaombewa, kisha kila mtu anachukua yake. Mwaka huu darasa letu ndilo lilipewa kubeba beseni. Nikamuuliza naibu, mbele ya wenzangu, kwa adabu yote niliyokuwa nayo siku hiyo: kalamu iliyoombewa inaweza kuandika jibu ambalo mwenyewe halijui? Akasema hapana, lazima asome. Nikauliza, na aliyesoma, kalamu isiyoombewa itamkatalia? Akasema hapana. Nikasema, basi nisaidie kidogo hapa, Mwalimu.

Sikufika mwisho. Barua ikanimalizia.

Baba yangu alikuja Eldoret kutoka magharibi, upande wa ziwa, kutengeneza matrekta. Trekta ikikataa kuwaka, anaifungua nati kwa nati mpaka ajue ni kwa nini. Mtoto akimshinda, anampigia simu kaka yake. Na baba mkubwa si mtu wa kufungua nati. Yeye ni mzee wa ukoo, tena mwenyekiti wa halmashauri ya shule moja iliyo karibu na boma lake, shule ambayo akipita nje ya ua wanafunzi husimama wakamsalimu kwa pamoja kama kwaya.

"Mniachie huyo," alisema kwenye simu, na sote tulimsikia. "Huku maswali huisha."

Wakakubaliana kwamba atakuja Jumamosi, anitazame, anisikilize. Akiona mambo ni kama yalivyoandikwa, Jumapili nitaondoka naye na sanduku langu na godoro langu, nimalizie masomo kule. Marafiki zangu wangebaki hapa, na yule mwalimu wa dakika tano pia, na mama. Nilijaribu kulitungia jambo hilo mzaha, mzaha ukakataa. Usiku huo nililala nikimhesabia baba sababu za kunibakiza, na zote zilikuwa za kuchekesha, na hakuna hata moja iliyotosha.

Jumamosi mama alinunua jogoo kwa mkulima wa Kapseret, jogoo mwenye miguu kama ya afisa wa polisi. Sasa, kwetu sisi Waluhya, kuku wa mgeni si chakula tu. Ni kama kikao, kila kipande kina kiti chake. Firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni anayemzidi kwa umri, na huwekwa juu kabisa ya bakuli ili kila mtu aione. Mwanamke haili. Tangu nikiwa msichana wa meno ya maziwa nimesikia kwamba akiila atakuwa mkaidi, na hatazaa watoto wa kiume.

Mama alitoka kidogo kwenda kuazima chupa kubwa ya chai kwa jirani. Nikabaki na sufuria. Ningependa kuandika kwamba nilisimama pale nikitafakari jinsi watu wengi walivyo na hakika juu ya jambo ambalo hakuna aliyelijaribu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na njaa na hasira. Niliichukua kwa vidole, ikaniunguza, nikaila nikiwa nimeangalia mlango.

Baba mkubwa alinawa, akaomba, akafunua bakuli. Akageuza vipande kwa kijiko mara moja. Akageuza tena, polepole, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga. Baba akamwangalia mama. Mama akaliangalia bakuli. Na hilo sikuwa nimelipigia hesabu: jikoni mle, mpishi anayejulikana ni mmoja.

"Shemeji," baba mkubwa alisema kwa upole, "kuku huyu alizaliwa hivi?"

"Ni mimi, Baba mkubwa," nikasema kabla mama hajapata neno.

Baba yangu alikuwa ameshasimama. Baba mkubwa akamwinulia mkono. "Keti. Si hii ndiyo kesi iliyonileta?" Akanigeukia. "Umekula kisicho chako."

"Ndiyo. Hapo nimekosa, naomba unisamehe."

"Na unajua kwa nini msichana hali firigisi?"

"Nimeambiwa atakuwa mkaidi."

"Sasa si unaona."

"Lakini Baba, barua ya shule ilikuja Jumatano. Firigisi nimekula leo."

Baba yangu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Baba mkubwa hakukohoa.

"Na watoto wa kiume hatapata," akasema.

Hapo nilikuwa na swali limenolewa tayari. Mtetea naye ana firigisi tumboni mwake tangu kuzaliwa, na bado anaangua majogoo. Nilijua baba angecheka. Nilijua pia kwamba baba mkubwa angeona anachekwa mezani na mtoto, na Jumapili godoro langu lingekuwa safarini. Nikamwangalia mama, ambaye alikuwa bado ameshika kifuniko cha bakuli. Miaka yake yote amepika kuku, na sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu kuku hao. Swali lililonitoka halikuwa na mzaha ndani yake, kwa sababu jibu lake kweli sikulijua.

"Baba, kuna mwanamke tunayemjua aliyewahi kuila, tukaona kilichompata?"

"Wanawake wa kwetu hawajawahi kula."

"Basi tulijuaje?"

"Wazee walijua."

"Waliona kwa nani?"

Baba mkubwa aliweka kijiko chini. "Sijui," akasema, taratibu, kama mtu anayejitoa mwiba wayani. "Sijawahi kuuliza."

Nilitarajia kusikia furaha, sikuisikia. Alionekana mzee kidogo kuliko alivyoingia. Nikasema labda Kukhu anajua. Kukhu ndiye nyanya yetu, mama yao, bado yuko imara bomani. Uso wa baba mkubwa ukarudi mahali pake. Shahidi alikuwa amepatikana. Akatoa simu, akaweka sauti ya nje, akailaza katikati ya meza ili tusikie sote nikimalizwa.

"Mama, kuna mtoto hapa amekula firigisi."

"Ameshiba?" Kukhu huongea na simu kwa nguvu, kwa sababu Eldoret ni mbali.

"Sikiliza, Mama. Ni msichana."

"Nimesikia. Ni yule wa maswali?"

"Huyo. Nataka umwambie wewe mwenyewe, mwanamke akila hupatwa na nini."

Tulisikia kuku wa Kukhu wakikwaruza nyuma yake. Kisha akauliza, "Nani alikuwa anapika katika nyumba ya baba yako?"

"Ni wewe, Mama."

"Wageni wakija, tulikuwa tunachinja kuku wangapi?"

"Wawili."

"Na kwa sahani ya baba yako uliona firigisi ngapi?"

Baba mkubwa aliinua macho darini, akarudi nyuma miaka mingi, akahesabu. "Moja."

"Haya," Kukhu akasema. "Mama mkwe wangu ndiye alinifundisha. Alisema mpishi lazima aonje chumvi. Wewe ulizaliwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Nyuma yako kuna vijana wangapi?"

"Watano, Mama."

"Wasalimie." Akakata simu. Yeye hukata akishamaliza la kwake.

Baba ndiye alianza kucheka, uso ameuficha begani. Mama alienda jikoni haraka, na tukamsikia huko akicheka ndani ya leso. Baba mkubwa aliendelea kuitazama simu.

"Kumbe nimekalia kiti kikubwa miaka yote," akasema, "nikila nusu ya haki yangu." Halafu tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka akavua miwani.

Alipopumua akasema, "Huyu hatoki Eldoret."

"Na barua?" baba akauliza.

"Nitaijibu mimi. Mtoto, leta karatasi uandike."

Aliniandikisha neno kwa neno, kidole juu kama yuko kwenye baraza. Kwamba amekuja kunihukumu. Kwamba alidai ushahidi kwangu, nami nikaudai kwake, na wake haukuwepo. Habari ya firigisi aliieleza yote, na simu ya mama yake pia. Kwamba mtu mzima akisema hajui havunjiki mguu. Yeye amesema leo na bado anasimama. Na kwamba nikiuliza ili kuwadhihaki watu, niadhibiwe bila kumpigia simu. Sentensi hiyo nilitaka kuiruka. Akaniambia nimsomee kila kitu kwa sauti.

Jumatatu naibu aliisoma amesimama kando ya meza yake. Akaisoma tena. Yeye naye ni mama wa kwetu, magharibi, na nadhani amewapikia wageni na wakwe kuku wasiohesabika. Aliikunja, akaitia kwenye mkoba wake, wala si kwenye faili langu, ambalo ni nene.

"Beseni la kalamu utalibeba wewe," akasema. "Maombi yakiisha, uje hapa umalizie lile swali lako. Sisi wawili tu, bila watu wa kucheka. Nenda darasani."

Nilikuwa nimefika mlangoni.

"Wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alichungulia ujia. Ulikuwa mtupu. Mama huyu ameniuliza maswali mengi tangu kidato cha kwanza, na kila mara jibu alikuwa nalo tayari mkononi.

"Firigisi yenyewe ikoje?"

"Ngumu kidogo, Mwalimu. Halafu tamu. Inakawia mdomoni kuliko paja."

"Na chumvi inaingia?"

"Inaingia."

Akatikisa kichwa polepole, akiangalia dirishani. Nikatoka, nikafunga mlango taratibu, nisimkatize. Katika siku tatu nilikuwa nimeona watu wazima wawili wakifikiri mbele ya macho yangu.