Mtoto wa Mbwa wa Bwana Miwani

Walisema sitaweza. Mjomba Loserian alisema mtoto aliyelelewa na bibi hawezi kufuga hata kuku akafika Krismasi. Jirani yetu, Mama Ndeshi, alisema nikipata mbwa wa kizungu, mbwa huyo ndiye atakayenifuga mimi. Leo diploma yangu ya utabibu wa mifugo imetundikwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo, hapa nyumbani kwangu Kijenge. Niliisotea nchi za watu, huko Uganda, nikarudi nayo nikiwa nimevaa viatu nilivyonunua mwenyewe. Lakini nikiulizwa elimu hiyo niliianzia wapi, sisemi Uganda. Nasema niliianzia kwenye banda la mbwa kando ya Mto Themi, siku niliyodanganywa.

Enzi za Mdachi, sisi watoto wa miteremko ya Meru tuliamka pamoja na ukungu. Tulikula ndizi za kuchoma zinazonukia majivu, tukashushia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, kisha tukashuka mbio kwenda shule ya misheni, umande ukituramba miguu. Mwalimu akikohoa, darasa zima lilinyamaza. Mvua ikinyesha tulikalia magome ya migomba tukateleza mteremko mzima hadi mtoni, makalio yakachubuka, na hakuna aliyelia, kwa sababu aliyelia aliongezewa nyumbani. Vijana wa siku hizi wakinyeshewa kidogo tu, wanaulizia aspirini.

Bibi yangu alikuwa na mbuzi tisa. Chui wa msituni akachukua watatu katika msimu mmoja. Bibi akaniita jikoni, akasema, "Mjukuu wangu, akichukuliwa mmoja tena, hawa waliobaki nampa mjomba wako, nami nahamia kwake. Na wewe utakwenda kibarua kwa walowezi." Nilijua maana yake. Shule ingeishia hapo, na mimi ningeishia kubeba magunia ya watu.

Ndipo nilipofikiria mbwa. Kulikuwa na mlowezi mmoja kando ya Themi aliyezalisha mbwa wa kuwauzia wawindaji, mbwa weupe wenye vifua vipana, wengine na madoadoa, na sifa zao zilikuwa zimevuka mito. Sisi tulimwita Bwana Miwani. Hakutaka rupia zetu, labda kwa kuwa alijua hatuna. Alitaka kondoo dume mmoja na kibuyu kikubwa cha asali. Kondoo alinikopesha mjomba Loserian, huku akicheka. Asali alinikopesha Mama Ndeshi, naye akanihesabia masharti kama hakimu.

Siku ya kununua nilikwenda na mjomba. Banda lilikuwa na sakafu ya mbao. Nyapara wa Bwana Miwani, mtu wa milimani kama sisi, aligonga mbao kwa kisigino, pu! pu! Watoto wa mbwa wote wakaja mbio. Mweupe kuliko wote alifika wa kwanza, akaning'ata kidole. Nikasema, "Huyu."

Sasa nieleze desturi ya nyumbani kwetu, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Mnyama mgeni haitwi kwa jina mpaka siku ya nne. Haitwi, hapigiwi mluzi, hasemeshwi. Analazwa karibu na jiko, analishwa kimya kimya, mpaka azoee moshi wa nyumba na asahau moshi wa alikotoka. Kwa hiyo siku tatu mimi na bibi tulitembea kama waliofiwa. Mtoto wa mbwa akala, akalala, akanenepa. Nikajisifu mbele ya rafiki zangu mpaka wakanichoka.

Siku ya nne asubuhi bibi alimpa jina. Alimwita Radi, ili abweke kama radi na chui asikie huko huko juu aliko. Mchana mawingu yakashuka kutoka kileleni, na ngurumo ikapasuka juu ya paa letu, ngurumo ambayo hata sasa nikiikumbuka nashika masikio. Mbuzi wakapiga kelele. Sufuria ikaanguka. Mbwa wa Mama Ndeshi akajificha chini ya ghala, akilia. Radi alikuwa amelala kwenye majivu ya uvuguvugu. Hakufumbua jicho. Hata sikio halikucheza.

Nikamwita. Nikapiga makofi kisogoni pake. Nikachukua sufuria, nikaigonga kwa mwiko. Bibi akaninyang'anya mwiko, akasema polepole, "Acha, baba. Mtoto huyu ni kiziwi."

Kesho yake nilimbeba Radi kifuani, nikamvuta mjomba mkono, tukashuka hadi Themi. Bwana Miwani alikuwa barazani anakunywa kahawa. Nyapara ndiye aliyetujibu.

"Mbwa alitoka hapa mzima. Siku nne mlikuwa mnamfanya nini?"

"Hatukumwita," nilisema. "Na wewe unajua kwamba hatumwiti. Mama yako hakufanya hivyo hivyo?"

Akacheka. "Sasa mila zenu ni kosa langu?"

Mila zenu! Mtu aliyenyonya kwenye mteremko ule ule! Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Nikaikumbuka ile sakafu ya mbao. Watoto wa mbwa hawakuitwa kwa mdomo hata mara moja. Waligongewa mbao, na mbao hata kiziwi huzisikia kwa miguu. Nikapita chini ya mkono wake, nikaingia bandani. Alikuwa amebaki mweupe mwingine, amenipa kisogo. Nikapiga kofi moja kubwa. Mbwa wa madoadoa wote waligeuka. Yule mweupe aliendelea kujilamba.

"Na huyu je?" nikapaza sauti. "Huyu naye amekaa kwetu siku nne?"

Bwana Miwani akasimama na kikombe chake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Mbwa kwisha uza. Rudisha hapana. Wewe taka hamsa ishirini?"

Hamsa ishirini ilikuwa viboko ishirini na vitano, na aliyewahi kuvipata bomani hakukaa kitako wiki nzima. Mjomba akanishika bega. "Twende, mtoto. Hawa hawashtakiwi." Huo ndio ulikuwa ukweli wa enzi zile, na bado unaniudhi. Kondoo wetu alikuwa anakula majani pale pale uani, asali yetu ilikuwa mezani, na sisi ndio tuliofukuzwa kama wezi. Njia nzima mjomba alirudia, "Nilikwambia. Mtupe mtoni, yaishe."

Sikumtupa. Kama aliyenidanganya alimwita kwa kisigino, basi nami ningemwita kwa kisigino. Nilimfundisha Radi kwenye ardhi ngumu ya njia ya mbuzi: kukanyaga mara moja ni njoo, mara mbili ni kaa, mkono juu ni zunguka. Watoto wenzangu walisema nacheza ngoma peke yangu. Mama Ndeshi akauliza kama asali yake imenitia wazimu.

Asubuhi moja ya ukungu mzito nilikuwa nachunga ukingoni mwa msitu. Mbwa wa wenzangu walikuwa wanabwekeana huku na huko, kila mmoja akisikiliza kelele za mwenzake. Radi hakuwa na wa kumsikiliza. Alikuwa na pua yake tu, na miguu yake ardhini. Ghafla akasimama, manyoya ya mgongo yakainuka, akawazunguka mbuzi na kuwasukuma kwangu, kisha akabwekea ukungu kwa sauti mbaya ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Nikaona madoa yakiteleza nyuma ya mti, na mkia mrefu ukipotea. Niliwahesabu mbuzi. Walikuwa sita.

Hakuchukuliwa mwingine tena. Mbuzi wakazaa, mimi nikabaki shuleni, na mengine mnayasoma pale ukutani.

Siku hizi vijana wa mjini wananiletea watoto wa mbwa waliouziwa kwa maneno matamu. Wamekwisha kununua mkanda wa shingo, mnyororo na jina la kizungu. Nikiwauliza, "Ulimpigia kofi kisogoni kabla ya kulipa?" wanacheka, wanadhani mzee anatania. Sisi tulidanganywa kwa sababu tulikuwa na desturi. Hawa wanadanganywa bila hata desturi ya kusingizia. Na ule mteremko tuliotelezea kwa magome ya migomba siku hizi una uzio, wala sijamwona mtoto mwenye matope makalioni mwaka mzima.

Bwana Miwani aliondoka wakati wa vita, hajanirudishia kitu. Mimi nililipa. Mbuzi walipofika kumi na mmoja, niliuza wawili, nikanunua kibuyu cha asali na kondoo dume mnene kuliko wa kwanza. Mama Ndeshi alionja asali mara tatu akitafuta kasoro, akaikosa. Kwa mjomba nilifika jioni, jua likiwa bado juu ya migomba. Alimkagua kondoo meno, akamkagua miguu, akapiga makofi nyuma ya masikio yake. Kondoo akaruka. Mjomba akatikisa kichwa, akamgeukia mbwa wangu aliyelala hatua chache kando, kwenye ardhi ngumu ya ua.

"Radi!" akaita. Kisha akakumbuka. Akanitazama, akatazama chini, akainua mguu wake wa kizee akaikanyaga ardhi mara moja.

Radi akaja.