Picha Iliyonisuta

Jicho langu la kushoto limekufa, na waliolisaidia kufa nawajua. Majina siandiki kwa kuwa bado tunakutana misibani, lakini wakisoma watajiona.

Wa kwanza ni muuza matone ya macho wa Tunduma, yule anayepanga vichupa vyake juu ya turubai karibu na mpaka. Nilimwambia naona ukungu, na kwamba nina kisukari. Akasema huo ukungu ni vumbi la malori, akanipa kichupa. Nilijidondoshea miezi mingi. Siku nilipoona kama masizi yanashuka ndani ya jicho, alinishauri niongeze matone. Nilipofika hospitali kubwa Mbeya, kwa la kushoto nilikuwa nimeshachelewa. Kilichobaki ni kulipigania la kulia.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo naeleza kama nilivyoelezwa. Sukari inachosha mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho, mishipa inavuja, maji yanajaa pale pale pa kuonea. Walinipiga picha ya huko nyuma, kisha wakanichoma sindano ndani ya jicho lenyewe. Usikunje uso, walitia ganzi kwanza. Nilisikia kama mtu ananisukuma kwa kidole, basi. Wakaniambia nirudi kila mwezi, na picha ndiyo itakayosema lini tupumzike.

Baada ya wiki mbili nikaanza kuona majani ya kahawa yanavyong'aa. Hapo anaingia mkosaji wa pili, shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa letu hapa Nanyala. Waumini walikuwa wameniombea, na maombi yao nayathamini hadi leo. Ila shemeji hakutaka kungoja. Jumapili iliyofuata akanisimamisha mbele nitoe ushuhuda. Nilipotaja sindano akanikoholea, nikairuka. Nikasema nimepona. Kanisa zima likapiga vigelegele.

Kwetu mtu akishasema mbele ya watu kwamba ameponywa, harudi nyuma. Ukionekana tena njiani kwenda kutibiwa, watasema umemrudishia Mungu zawadi yake. Tarehe ya sindano ya pili ikafika, nikakaa nyumbani. Ya tatu nayo ikapita. Kwa hiyo mkosaji wa tatu ni mimi, na huyo simsamehei haraka.

Ukungu ulirudi taratibu. Nyuso za watu zikabaki na masikio, katikati hakuna kitu. Sikumwambia mtu. Mchana mmoja tulikuwa kwenye kichanja tunachambua kahawa, mimi na wifi yangu, dada yao mdogo, mwanamke asiye na breki mdomoni. Punje mbovu nilikuwa nazitafuta kwa kupapasa. Akaniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Wifi, uliponywa macho au vidole?"

Nikamwambia aache utani wake. Akaniambia yeye hatanii, na kama naona, nimwambie ameshika nini. Sikuweza. Aliweka chini alichoshika, sijakijua hadi leo, akaenda kumwambia shemeji kwamba kesho tunakwenda Mbeya. Shemeji akasema watu watasemaje. Wifi akamjibu, "Watasema ulinipa kipofu nimlee. Utanisaidia kumwogesha?"

Tukaenda. Na unajua nilichofanya? Daktari, binti mdogo mpole, aliponiuliza naendeleaje, nikasema naona vizuri, namshukuru Mungu. Ushuhuda ulikuwa bado umenikaa kooni. Hakubishana nami. Akanitia matone ya kupanua mboni, akaniweka kidevu kwenye mashine, akaniambia nitazame kitaa kilicho ndani. Kitaa nilikiona pembeni tu. Nikikifuata, kinapotea.

Akaweka picha mbili kwenye kioo cha kompyuta, ya kwanza na ya siku hiyo, akamwita wifi aje anisimulie, maana mimi nilikuwa naona rangi tu. Daktari akaeleza kwamba hapo katikati panatakiwa kuwe na kibonde kidogo. Wifi akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Wifi," akasema, "hakuna kibonde. Pameinuka kama tuta la viazi."

"Ndani ya hilo tuta ni maji," daktari akasema. "Yamezidi ya mwanzo. Mama, jicho hili bado tunaweza kulisaidia, lakini uniambie ukweli."

Nikalia, nikamwambia yote, kanisa, kikohozi cha shemeji, tarehe nilizokwepa. Hakunifokea. Aliniambia mtu anaweza kusema anaona kwa sababu nyingi, ndiyo maana wanapiga picha. Siku hiyo hiyo nikachomwa.

Nilirudi kila mwezi. Kila mara wifi alinisomea picha: tuta limepungua, tuta limebaki upande mmoja. Siku moja hakunisomea. Nilivuta kiti nikaona mwenyewe kibonde, mstari wa picha unavyoshuka katikati na kupanda tena. Daktari akasema leo hatuchomi, tupishe wiki kadhaa, tupige picha tena ndipo tuamue.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule binti, na aliyeleta mashine ile huku kwetu, simjui. Wifi simshukuru mbele yake, atavimba kichwa. Muuza matone bado yuko pale mpakani, na kila nikipita nawaambia wateja wake waangalie jicho langu la kushoto kabla hawajanunua.

Shemeji naye alikuja, akaomba nitoe ushuhuda mpya. Nikamwambia nitasimama, ila nitataja sindano zote, na nitasema sijapona, natibiwa. Akasema niseme kwa kifupi. Nilisema kwa kirefu. Tulipotoka, mama mmoja mwenye kisukari alinishika mkono akaniuliza tarehe yangu nyingine ni lini, twende wote.