Blenda ya Bei ya Sponji

Picha yangu iko ukutani kwenye supamaketi ya mtaani kwetu, pale mlangoni, chini ya maandishi mekundu: WATU WA KUANGALIWA.

Na aliyeibandika ni mimi mwenyewe. Selotepu nilikata kwa meno yangu.

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni fundi friji. Nina diploma, nina wajukuu wawili, nina kitambi cha heshima. Maishani mwangu sijaiba hata kalamu ya benki, ile iliyofungwa kamba.

Jumamosi moja blenda ya nyumbani ikaungua. Mama watoto akaniangalia.

"Fundi wa mtaa mzima, blenda yako inatoa moshi."

Nikajitetea kwamba mimi ni wa friji. Akanipa karatasi: blenda, sukari, sabuni ya unga.

Nikaenda. Nikachukua vitu vyangu vitatu, nikapanga foleni kaunta namba nne.

Keshia alikuwa binti mdogo mdogo hivi. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayeogopa kwamba hata salamu anaweza kuikosea.

Boksi la blenda lilikuwa limechanika palepale kwenye ile mistari myeusi. Mashine ikagoma kusoma. Binti akaanza kuingiza namba kwa mkono, vidole vinakimbizana.

"Taratibu mwanangu," nikamwambia, "blenda haina miguu."

"Baba, acha tu. Nimebakiza siku mbili nimalize miezi mitatu ya majaribio. Bei nimeshakosea mara mbili. Ya tatu naenda nyumbani."

Mashine ikalia piip. Jumla ikaja ndogo. Nikagusisha kadi, nikajisemea moyoni: hatimaye maisha yameshuka bei.

Mlangoni mlinzi hakusoma risiti. Alihesabu mistari tu. Vitu vitatu, mistari mitatu. Akapiga stika nyekundu juu ya boksi: IMELIPIWA.

Nyumbani, mama watoto husoma risiti kama daktari anavyosoma majibu ya maabara. Miwani puani, midomo inatembea.

"Blenda iko wapi?"

"Si hiyo hapo mezani?"

"Hapa kwenye risiti. Naona sukari, naona sabuni, naona sponji ya vyombo moja. Umenunua sponji?"

"Sijanunua."

Tukatazamana. Mimi nikaanza kutabasamu.

"Mke wangu, leo Mungu ametukumbuka."

"Usimsingizie Mungu. Jioni wakihesabu mali, blenda moja haionekani, na risiti ina namba ya keshia. Atafukuzwa nani, Mungu?"

Nikamkumbuka yule binti na vidole vyake. Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Rudi," akasema.

Nikarudi na boksi langu kwapani. Nilitaka kumaliza jambo kimyakimya, nilipe, nisimtaje mtu. Rahisi tu.

Mezani kwa huduma kwa wateja alikaa dada mmoja anatafuna bigijii.

"Tatizo lako, mzee?"

"Bei imekosewa."

"Oh, pole sana! Tumekuzidishia?"

"Mmenipunguzia."

Bigijii ikasimama.

"Rudia."

"Mmenipunguzia. Nimekuja kuongeza hela."

Akaniangalia kama mtu aliyetoroka wodini. Kisha akaigeukia kompyuta, akabonyeza weee.

"Mzee, mashine inakubali malalamiko mawili tu. Bidhaa mbovu, au bei imezidi. Hilo lako halimo."

"Sasa tunafanyaje?"

"Nakuwekea bei imezidi."

"Haijazidi!"

"Mzee, foleni."

Akabonyeza. Kimashine kikatapika karatasi. Vocha! Zawadi ya kunipoza kwa usumbufu, pamoja na barua ya kuniomba radhi.

Yaani nimekuja kulipa, nimelipwa. Nikaikunja vocha nikaitia mfukoni, maana nyuma yangu watu walishaanza kunisonya.

Diploma ikafanya kazi. Nikawaza: si niingie nayo ndani, nipite kaunta nyingine, niinunue upya? Nikaenda kaunta namba saba.

"Mzee, hii ina stika ya imelipiwa," keshia wa pale akasema.

"Najua. Nataka kulipa tena."

"Haiwezekani. Kuuza kitu mara mbili ni wizi."

"Anaibiwa nani, kama mimi ndiye ninayelipa?"

Akafikiri. "Sijui. Lakini ni wizi."

Basi nikajificha nyuma ya rafu ya nepi, nikaanza kubandua ile stika kwa kucha. Polepole. Nimeinama, jasho linatoka.

Bega likaguswa.

"Nimekupata," akasema mlinzi.

Jamani, kimeumana.

Ofisi ya meneja ilikuwa na feni moja na kiti kimoja, na vyote vilimwelekea yeye. Kijana tu, tai imembana mpaka macho yamemtoka. Akaweka ushahidi mezani: boksi, risiti, na stika iliyobanduliwa nusu.

"Mzee, hapa mistari imechanwa. Risiti inasema sponji. Na umekutwa unabandua. Kazi yako nimeielewa: ulichana mistari ya blenda ukabandika ya sponji, ukapita."

"Kijana wangu, nimerudi kulipa!"

"Hakuna mtu anayerudi kulipa," akasema, tena kwa upole, kama anayenifundisha maisha. "Ama keshia amekosea namba, ama wewe ni mwizi. Sina fomu ya tatu. " Akamgeukia mlinzi. "Mwite wa kaunta nne."

Binti akaingia. Akaliona boksi, akaiona risiti. Rangi yote ikamhama usoni.

"Hii blenda ulipitisha wewe?"

"Ndiyo, meneja."

"Uliingiza namba gani?"

Akafungua mdomo. Nikamwona anatafuta ukweli, na ukweli wenyewe umeshika barua ya kumfukuza kazi.

"Meneja, ni mimi niliye..."

"Nilibandika mimi," nikasema.

Hata feni nadhani ilisita.

"Nilichana, nikabandika ya sponji. Binti hana kosa, mashine yenyewe ilidanganyika."

Binti akanigeukia, macho yamejaa maji. Nikamkunjia uso, kwamba nyamaza wewe mtoto.

Meneja akashangilia kabisa. Akageukia kompyuta yake, akabonyeza mara moja tu. Mara moja! Ikatokea fomu nzuri, imejaa kila kitu: jina la bidhaa, bei iliyolipwa, bei halisi, tofauti inayodaiwa.

Mnaelewa? Kitufe cha mteja anayetaka kuongeza hela hakipo. Cha mwizi kipo, na kinafanya kazi vizuri mno.

Nikalipa tofauti hadi senti ya mwisho. Hatimaye.

Kisha nikapigwa picha. Mlinzi akataka kuibandika, mkono haufiki.

"Mzee wewe mrefu, hebu nisaidie."

Nikamsaidia. Nikaiweka sawa maana ilikuwa imeinama kidogo. Kama ni kuonekana mwizi, basi nionekane mnyoofu.

Wiki iliyofuata binti akathibitishwa kazini. Wakamwekea na picha, KESHIA MAKINI WA MWEZI, eti kwa kumnasa tapeli sugu. Picha zetu zinatazamana. Sheria inasema nikipita kaunta yake lazima anipekue.

"Shikamoo baba," ananong'ona. "Naomba ufungue mfuko."

Anaangalia juu juu, ananifungia mwenyewe, na bei anaisoma kwa sauti mara mbili.

Lakini turudi ile Jumamosi. Nilifika nyumbani nimechoka, nikamsimulia mama watoto yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akanishika mkono, akasema, "Umefanya vizuri, baba watoto."

Nikajiona shujaa. Nikavua suruali ikafuliwe.

Akapekua mifuko, kawaida yake. Akatoa kikaratasi, akavaa miwani.

"Na hii vocha?"

Nikaanza kutafuta suruali nyingine.

"Walikukosea nini mpaka wakupe? Si ni mali ya watu hii?"

"Mke wangu, tafadhali..."

"Rudi," akasema.

Funzo langu kwenu ni hili: risiti isome ukiwa bado kaunta. Ukishafika nayo nyumbani, hakikisha umeoa mtu asiyejua kusoma.

Mimi nimeshachelewa: hii safari ya vocha nimeikwepa wiki kadhaa, leo visingizio vimeisha. Hapa ninapoandika niko foleni, mezani kwa huduma kwa wateja, nimevaa kofia. Dada wa bigijii ameniona, na mkono wake unatafuta kengele.