Nyumba Niliyoichagua Siku za Ijumaa

Mimi ni mfamasia, na watu wa kazi yangu hatuamini kitu mpaka tukipime. Kwa hivyo nilipopewa uhamisho kutoka Salala kuja Maskati, sikutaka mtu anichagulie nyumba. Wenzangu wa hospitali mpya kila mmoja alikuwa na mtaa wake anaousifia, na kila mtaa, kwa bahati tu, ulikuwa ni ule anaokaa yeye. Niliwasikiliza wote, nikawashukuru, nikafanya nilivyotaka mwenyewe.

Nilitangulia peke yangu, nikapewa chumba katika nyumba za wafanyakazi. Mume wangu na binti yetu walibaki Salala kumalizia muhula wa shule. Binti alikuwa na miaka minane, naye ni mtoto wa pekee. Nilimpata baada ya kuhangaika miaka sita, na baada yake sikujaaliwa mwengine. Kule Salala jambo hilo halikumuuma, kwa sababu nyuma ya mlango unaotazamana na wetu walikuwamo watoto sita, na milango yote miwili ilikuwa haifungwi kutwa. Huyu anakula kwao, wale wanalala kwetu. Nilipomwambia tunahama hakulia wala hakugoma. Aliuliza jambo moja tu.

"Huko kuna watoto?"

"Wapo," nikasema. "Ntakutafutia mtaa umejaa watoto mpaka utachoka nao."

Niliahidi bila ya kupepesa macho. Ndugu nimeshindwa kumpa, nikajiambia, lakini mtaa nauweza. Sikuwa na shaka hata chembe.

Kazini kulikuwa na upungufu wa watu, na kuanzia Jumapili mpaka Alkhamisi sikuwa na nafasi hata ya kujikuna. Jumamosi nayo nikapangiwa zamu. Ikabaki Ijumaa. Basi kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri nilikuwa napanda gari na daftari langu, nazunguka mitaa ya Bawshar, hapo hapo Maskati, mmoja baada ya mmoja. Nilikuwa na mambo yangu ya kutazama: msikiti wa kwenda kwa miguu, duka ambalo mtoto anaweza kununua mkate bila ya kuvuka barabara kubwa, kivuli, na madereva wa hapo wanakwendaje. Nikishamaliza hayo naegesha gari pembeni, nashusha kioo, nahesabu watoto.

Dalali aliyekuwa akinizungusha alikuwa mtu mzima, mtu wetu wa asili ya Unguja, Kiswahili chake na Kiarabu vikienda pamoja. Yeye alianza na mtaa wa Ansab. Alinionyesha nyumba mpya, nzuri kwa kweli, jikoni kuna dirisha linalotazama geti, mama anaweza kupika huku anamwona mtoto wake. Lakini nje palikuwa kimya. Barabara safi, taa mpya, baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani na wenyewe hawaonekani. Nilikaa robo saa nzima nisione mtoto hata mmoja. Nikaandika kwenye daftari: pamekufa.

"Bibie, mtaa huu usiutazame Ijumaa," dalali akasema. "Njoo Jumatatu, saa kumi na moja ya jioni, wallahi utaona mwenyewe."

"Jumatatu nna kazi."

"Omba ruhusa ya saa moja."

Nikamwambia kwamba mtaa wenye watoto una watoto siku zote, watoto hawafungwi kama ofisi. Niliona ni maneno ya dalali tu, mtu ana nyumba mkononi na anataka imtoke. Alinitazama, akafuta jasho, akasema basi twende pengine.

Ijumaa ya tatu tukaupata. Mtaa wenyewe siutaji jina, maana wenyeji wake bado wapo na wanaweza kuyasoma haya. Nyumba ni za zamani kidogo, miarobaini imeshapita kuta, msikiti uko kwenye kona na duka liko ubavuni mwake. Na watoto walikuwa wamejaa barabara nzima. Wavulana wanacheza mpira, wasichana wa umri wa binti yangu wanaruka kamba, wadogo wamepakizana kwenye baiskeli watatu watatu. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu nikapoteza hesabu. Kipimo kimoja si kipimo, ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwa hivyo nikarudi Ijumaa mbili nyengine. Mambo yalikuwa vile vile. Nikatia saini mkataba wa mwaka mzima. Dalali alitaka kusema kitu, lakini mimi nilishashika kalamu.

Mume wangu na binti walifika siku ya Alkhamisi. Ijumaa yake mtoto alitoka saa kumi, na Magharibi akarudi na kiatu kimoja, amesawijika kwa vumbi, anataja majina ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Mume wangu akanipa mkono kama anayempongeza mtu aliyepandishwa cheo. Nilifurahi nafsi yangu, nisiseme uongo. Usiku ule nilimpigia jirani yetu wa Salala kumsimulia nilivyofanya utafiti.

Jumapili mtoto alirudi kutoka shule, akala, akachukua baiskeli, akafungua geti. Hakukuwa na mtu. Jumatatu vivyo hivyo, na Jumanne. Nikasema joto. Nikasema labda mitihani. Jumatano nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kizingitini, baiskeli ameilaza mbele yake, anazungusha gurudumu kwa mkono. Aliniuliza kama wale watoto wamehama. Nikamwambia hawajahama, nikaingia ndani haraka.

Siku ya pili yake akaja jirani wa mkono wa kulia na sahani ya kaimati. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, mzaliwa wa Ng'ambo ya Unguja, anakaa peke yake katika nyumba ya vyumba saba. Alipokwisha kutukaribisha mtaani nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, watoto wa hapa wako wapi.

"Watoto wepi?"

"Wale wa Ijumaa."

"Hao si wa hapa, mwanangu. Hao wajukuu zetu. Mama zao na baba zao wanakaa Ansab huko, wengine Barka. Ijumaa wanatuletea, Jumamosi jioni wanawachukua. Hapa tumebaki wazee watupu." Akanitazama vizuri. "Kwani wewe uliutazama mtaa siku gani?"

"Ijumaa."

"Zote?"

"Zote."

Bibi yule alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia.

Aliniuliza wazee wetu wako wapi. Nikamwambia mama yangu alikufa mwaka wa tatu sasa, na baba kabla yake, na wazee wa mume wangu wako Unguja. Nilipokuwa nikimjibu ndipo nilipoliona kosa langu lilipotokea. Nchi hii nzima Ijumaa inakwenda kwa wazee. Anayetoka Rustaq anarudi Rustaq, anayetoka Quriyat anarudi Quriyat, na mwenye mama yake mtaa wa pili anakwenda huko huko. Mtu yeyote mwenye pa kwenda angelijua hilo bila ya daftari. Sisi Ijumaa yetu ilikuwa siku ya kufua na kukaa nyumbani, na kwa kuwa mimi nipo kwangu, nikadhani na watu wote wapo kwao.

Mume wangu nilimweleza jioni ile ile. Hakunilaumu. Alianza tu kuniita mkuu wa utafiti, na jina hilo amekaa nalo mwaka mzima.

Mkataba hauvunjiki, kwa hivyo tulikaa. Kila asubuhi binti yangu alikuwa akiamka na swali moja, leo siku gani, na nikimwambia Jumanne anageukia ukutani. Swali lile lilinichoma. Nimekosea mambo mengi maishani na nikayasahau, lakini hili lilikuwa linaamka nyumbani kwangu kila siku.

Aliyetuokoa ni bibi jirani. Alimwita mtoto amtungie uzi kwenye sindano, kesho yake akamwita tena, na baada ya wiki mbili hakuhitaji kuita. Akitoka shule anatupa mkoba, anapita mlango wa jikoni wa bibi. Walikuwa wakicheza karata, mchezo wa wahedi wa sitini, na bibi akiiba waziwazi na kuapa kwamba hakuiba. Alimfundisha kukaanga kaimati, mtoto akaunguza mafuta mara mbili, akagombwa mara mbili. Ijumaa wajukuu wenyewe wakija, binti yangu ndiye anayewaambia vikombe vinawekwa wapi. Wengine walimnunia, kisha wakazoea.

Lakini mtoto wa umri wake anataka wa kukimbizana naye, na magoti ya bibi yalikuwa hayakimbii popote. Mkataba ulipokaribia kwisha nikampigia simu dalali.

"Ansab," nikasema. "Jumatatu. Saa kumi na moja."

"Inshallah, bibie."

Hakusema "nilikwambia", na hilo liliniudhi zaidi kuliko kama angelisema. Niliomba ruhusa ya saa moja, ambayo nilipewa bila ya neno, nikaenda. Barabara ile ile niliyoiandika imekufa ilikuwa haipitiki kwa watoto. Nilisimamisha gari nikasubiri mpira upite. Nikarudi Jumatano, na Jumapili ya pili yake, kwa sababu kufunzwa ni jambo moja na kuacha kupima ni jambo jengine. Nyumba mbili kutoka ile tupu aliyonionyesha dalali walikuwako wasichana watatu, wa miaka tisa, minane na saba.

Jumatatu nyengine nikampeleka binti. Nilimwacha na wale watatu nikajifanya natazama mabomba ya nyumba. Baada ya nusu saa alirudi garini anahema, mtandio wa shule umemkaa shingoni. Mimi nilikuwa nimejaa ushindi. Nikawasha gari, nikangoja asifu.

"Nimewauliza Ijumaa wanakuwa wapi," akasema.

"Wapi?"

"Kwa bibi zao. Wote. Mtaa mzima." Akavuta mkanda, akaufunga. "Na sisi tutakwenda kwa nani?"

Mimi ni mtu wa majawabu, hata wasionipenda wananipa hilo. Niliendesha mpaka mzunguko wa kwanza wa barabara, nikaupita, nikafika wa pili, nikauzunguka mara mbili. Nilimkumbuka mama yangu kwa namna ambayo sikumkumbuka tangu matanga.

Tulipofika nyumbani sikuingiza gari ndani. Nilikwenda moja kwa moja kwa bibi, mtoto nyuma yangu. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilikaa kwenye kigoda, nikamwambia tunahama mwisho wa mwezi, tunakwenda Ansab, mtoto apate wenzake. Bibi aliendelea kutoa vijiwe na kuviweka kando. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini yalinitoka ovyo ovyo. Nikasema kama haitakuwa taabu, kama wajukuu hawatabanana, kama siku hiyo hana shughuli nyengine, basi pengine Ijumaa, si kila Ijumaa, tungeliweza kuja.

Bibi akaweka sinia chini. Uso wake ulikuwa wa hasira hasa, na nikajua nimevuka mpaka.

"Wanangu mimi wakitaka kuja," akasema, "huniuliza?"

"Hawakuulizi."

"Basi wewe waniuliza nini?"

Binti yangu alikuwa ameshafungua kabati, anatoa vikombe vitatu. Nililia pale pale mbele yao, mimi ninayejua kila kitu, na bibi akalivuta tena sinia lake akaendelea na mchele.