Laurenti Hakurudi Mgeta

Ilikuwa mwaka 2017. Hapana, nasema uongo, ni 2018, maana 2017 Filomena alikuwa hai bado na alishuka mwenyewe Morogoro kuuza mdalasini. Alikufa masika yaliyofuata, huko Kinole. Matanga yalipokwisha, kaka yake Ernest akawakalisha watu barazani.

Mumewe, Laurenti, alijua kinachokuja. Yeye ni mtu wa Mgeta, upande wa pili wa milima, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume hulima shamba la ukoo wa mkewe, na watoto ni wa ukoo huo. Mke akifa, mume huchukua jembe lake akarudi kwao. Walikuwa wamekwisha kumfungia hata mkeka.

"Shemeji, tunakushukuru," Ernest alisema. "Sasa nenda kapumzike kwenu."

"Sijachoka," Laurenti akajibu.

Watu wakacheka chini chini. Juu ya shamba, msituni, kekeo wa milimani alikuwa akilia, yule ndege mwenye mkia mrefu wa milia ambaye Kinole nzima humsikia mvua zikianza na karibu hakuna aliyemwona. Sauti yake hupanda, hupanda, kisha hukatika.

Ernest akanyoosha kidole huko. "Msikieni mwenzake. Naye hajui kujenga. Hutaga kwenye kiota cha watu, halafu yeye ndiye mwenye kelele."

Safari hii walicheka kwa sauti. Magreth, binti mkubwa wa Laurenti, akasema, "Mjomba, hapo umezidi."

"Mwache," baba yake akasema. Alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa, wala hakuinuka. Alijiweka sawa tu, kama mtu anayengoja ugali. "Shemeji, wewe umemsikia tu huyo ndege. Mimi kinda lake nimeliona, kule korongoni nikipalilia migomba. Limekaa kwenye tawi, kubwa, limeachama. Anayelilisha ni kindege cha kahawia ambacho kingeenea chote kwenye mdomo wake. Kinakwenda kinarudi, kinakwenda kinarudi. Na kinda si lake, wala halitaitwa lake."

Akawanyooshea mkono Magreth na wadogo zake. "Hawa ni wa ukoo wenu, sibishi. Lakini wamekula kwa mkono huu. Na mikarafuu ile niliipanda mimi. Siondoki. Mkitaka, nibebeni na kinu hiki."

Hakuna aliyemgusa. Mvua ikaanza kudondoka, watu wakaanza kukusanya kanga na viti. Kesho yake alionekana shambani akipalilia, na mpaka leo yupo. Ernest akipita njia ya juu humsalimu haraka haraka, naye Laurenti humwuliza tena lile alilowauliza wote siku ile wakitawanyika. Ernest huongeza mwendo.

"Shemeji, kati yangu na ninyi, ni nani aliyetaga kwenye kiota cha mwenziwe?"